Nani Anapona Filamu Ikiisha?

Wanaume wawili wanaogelea. Kamera iko chini ya maji pamoja nao, na mmoja anapita katikati ya miguu ya mwenzake, taratibu, kama watoto waliopelekwa baharini Jumapili. Hakuna anayelia, hakuna anayekimbizwa. Ukiingia katika Sea in the Blood bila kuambiwa chochote, utadhani umeletewa stori ya mapenzi tu. Na kweli ni stori ya mapenzi. Lakini Richard Fung ameijenga juu ya kifo cha dada yake, na kwa dakika 26 hakuachi uyatenganishe hayo mawili.

Fung alizaliwa Trinidad mwaka 1954 katika familia ya Kichina, akaja kuwa mtu wa Toronto. Dada yake, Nan, alizaliwa na thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao jina lake limetokana na neno la Kigiriki la bahari. Ndiyo maana filamu ikaitwa hivyo, bahari ndani ya damu. Sisi huku tunamjua zaidi ndugu wa ugonjwa huo, seli mundu, kwa hiyo sihitaji kumweleza mtu wa Kisumu au Busia maana ya kukua na mtoto ambaye kila siku yake ya kuzaliwa watu wazima huisherehekea huku wakitazamana.

Filamu imesimama juu ya safari mbili. Ya kwanza ni ya 1962: Richard, bado mtoto, anasafiri na Nan kwenda Ulaya kuonana na daktari bingwa wa damu aliyevutiwa na ugonjwa wa dada huyu. Ya pili ni ya 1977. Richard sasa ni kijana, ana mpenzi, Tim McCaskell, na wawili hao wanafunga mabegi na kukata njia ya nchi kavu kutoka Ulaya hadi Asia, kama walivyofanya vijana wengi wa Magharibi miaka ile. Mapenzi yananoga barabarani. Nyumbani Nan anazidiwa. Anafariki kabla hawajarudi.

Halafu miaka inapita na Tim anagunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Ebu fikiria hapo. Yule uliyekuwa naye mbali wakati dada yako anakata roho, sasa ndiye mgonjwa unayelala kando yake.

Mtu mwingine angeifanya hii kuwa hadithi ya adhabu, na mwingine angeifanya hadithi ya kujisamehe. Fung hafanyi lolote kati ya hayo. Anatoa picha za familia, filamu za nyumbani zilizofifia, slaidi za safari, sauti yake mwenyewe iliyopoa kama ya mtu anayesoma barua mara ya kumi. Anamweka mama yake mbele ya kamera, mama aliyempoteza binti. Hasemi kwamba mapenzi yake na Tim yalikuwa kosa. Hasemi pia kwamba yanafidia kitu. Furaha ile ilikuwepo, na Nan hakuwepo tena, na yote mawili ni ya mwaka mmoja. Nimeitazama filamu hii mara nne na bado sijui kama aliyeitengeneza amepona. Sidhani swali hilo lilimshughulisha.

Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia filamu fupi za watengenezaji huru Waasia wa ughaibuni ambao ni wapenzi wa jinsia moja. Ziko nyingi kuliko unavyodhani. Ukizisoma kwenye vitabu vya programu vya matamasha, zote zinafanana: kijana, familia, siri, chakula mezani, kisha uponyaji. Neno hilo halikosi. Filamu ya dakika 9 inaahidi uponyaji. Filamu ya mtu anayekaanga samaki na nyanyake ni ya uponyaji. Limekuwa kama pilipili kwenye mahindi choma, linapakwa tu. Mimi sina shida na mtu kutaka kupona. Shida yangu ni kwamba neno hili linakagua jambo moja tu, yaani kijana aliye mbele ya kamera anajisikiaje mwishoni. Waliobaki kwenye fremu, mama, baba, aliyekufa, mpenzi aliyeachwa nje ya sherehe, wanageuka kuwa dawa zake.

Kwetu mtu akifiwa, watu hukaa matanga, na siku ikifika matanga huanuliwa. Tazama kitenzi hicho kilivyo: hayaanuki yenyewe. Yanaanuliwa, tena na watu waliokaa pamoja, na mfiwa hajichagulii siku peke yake. Filamu fupi nzuri katika kundi hili zinaelewa jambo kama hilo hata kama hazina neno lake. Kidonda si cha mtu mmoja. Kwa hiyo hata kikifunga, haitakuwa kazi ya mtu mmoja.

Chukua Pratibha Parmar. Huyu alizaliwa hapa hapa Nairobi, mwaka 1955. Familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1967, katika wimbi lile la Wahindi wa Kenya waliokuwa wakiondoka baada ya uhuru wakiwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwabania mlango. Wahindi wa Kenya wanaijua stori hiyo kwa majina ya ndege na jamaa. Sisi wengine tunaijua kwa majina ya maduka yaliyobadilisha wenyewe.

Mwaka 1988 Parmar alitengeneza Sari Red, video ya dakika 12 hivi, kwa kumbukumbu ya Kalbinder Kaur Hayre, msichana wa asili ya Kihindi aliyeuawa Uingereza mwaka 1985 katika shambulio la kibaguzi. Haina mahojiano, haina mtaalamu wa kutueleza ubaguzi ni nini. Kuna sauti ya mwanamke, kuna kitambaa chekundu cha sari kinachofunguka, kuna damu juu ya ukuta. Rangi ya arusi na rangi ya mauaji ni ile ile, na video inarudi kwake tena na tena mpaka huwezi kuzitofautisha. Kwa maana ile ya programu za matamasha, hii si filamu ya uponyaji. Ni kilio. Lakini ni kilio kilichopangwa, kama cha wanawake wanaojua lini waanze na lini wanyamaze, na ndani yake jina la marehemu linatajwa. Kwangu hiyo ni tiba zaidi ya nusu ya yale niliyoyaona mwaka huu.

Miaka 3 baadaye ikaja Khush, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Channel 4, isiyofika hata nusu saa. Jina ni neno la Kiurdu na Kihindi lenye maana ya furaha. Wasagaji na mashoga wenye asili ya Asia Kusini, walioko Uingereza, Amerika Kaskazini na India, wanazungumza kwenye kamera kuhusu familia, upweke, na raha. Ndiyo, raha! Mwaka 1991, wakati Uingereza bado ina sheria ya kuzuia halmashauri "kuendeleza" mapenzi ya jinsia moja, na India bado ina kifungu cha 377 kilichoachwa na mkoloni, watu hawa wanakaa na kueleza wanavyofurahia miili yao.

Katikati ya mahojiano kuna vipande kama vya ndoto. Wanawake wawili waliovaa sari wamepumzika pamoja, mmoja ameegemea mapaja ya mwenzake, wanatazama filamu ya zamani ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, mwanamke akicheza. Sasa, yeyote aliyewahi kutazama sinema za Kihindi, na wazazi wetu wengi walizitazama bila kuelewa neno hata moja, anajua kwamba mwanamke akicheza hivyo lazima kuna jamaa mahali anamtazama. Kamera humwonyesha, kisha jamaa, kisha mwanamke, kisha jamaa. Parmar alikwenda kwenye meza ya kuhariri akamkata jamaa. Basi. Mcheza dansi ni yule yule, muziki ni ule ule, lakini sasa anawachezea wale wawili walioko kochini.

Napenda mkato huo kuliko hotuba yoyote. Hakumtukana mtu, wala hakusema utamaduni wa Kihindi ni jela. Alichukua kitu alichokipenda tangu utotoni, akakiondolea mtu mmoja, na kikawa na nafasi yake ya kukaa. Hii ndiyo kazi ambayo filamu fupi inaiweza vizuri: kitendo kimoja, kifanyike mbele yako, kiachwe.

Kidogo kuhusu maneno, kwa sababu jina Khush limenifikirisha. Sisi tuna neno shoga. Pwani, mwanamke akimwita mwenzake shoga, amemwita rafiki wa chanda na pete. Neno hilo hilo, mdomo mwingine ukilitamka, ni jiwe. Waganda wakajitengenezea kuchu, na Nairobi ikaliazima. Wahindi wa Toronto na London wakachukua khush. Kila mahali watu wanapokonywa jina, wanaingia kwenye kabati la lugha ya mama na kutoka na kitu kinachowatosha. Kwa hiyo wale wanaosema ati mambo haya yaliletwa na Kiingereza, waeleze basi mbona wenyewe wanakikimbia Kiingereza kila wakitaka kujiita.

Hata hivyo nina lalamiko juu ya Khush. Filamu inakwenda Uingereza, Amerika, India. Nairobi haimo. Barabara iliyowatoa watu hawa Gujarat na Punjab ikawafikisha London ilipitia hapa, wakajenga, wakafungua maduka Ngara na Biashara Street, wakazaa, wakaondoka au wakabaki. Kwenye filamu kuna nchi ya asili na nchi ya ugenini tu, na sisi wa katikati tumerukwa kama stendi ya basi. Naelewa kwa nini. Televisheni ya Uingereza ya 1991 ilikuwa na hamu na India. Lakini mimi ninayeitazama nikiwa Nairobi, nahisi kuna reli imeng'olewa.

Pengo hilo hilo lina mwenzake Dar es Salaam. Ian Iqbal Rashid alizaliwa kule katika familia ya Ismailia, akachukuliwa mtoto kwenda Kanada. Alikuwa miongoni mwa waliolianzisha Desh Pardesh, tamasha la Toronto la sanaa za Waasia Kusini lililochipuka kutoka kwa kikundi cha wanaume mashoga wa Kihindi kilichoitwa, nadhani umeshakisia, Khush. Mwaka 1998 alitengeneza filamu fupi Surviving Sabu. Baba na mwana wako London wanatengeneza filamu kuhusu Sabu, yule mtoto wa mtunza ndovu wa Mysore aliyegunduliwa na Waingereza na kuwa nyota wa Elephant Boy mwaka 1937, kisha The Thief of Bagdad, kisha Mowgli wa Jungle Book. Baba anampenda Sabu. Kwake huyu ndiye mwenzetu wa kwanza aliyefika Hollywood. Mwana anaona mvulana aliyevuliwa shati ili Wazungu wamtazame.

Wanabishana kuhusu Sabu kwa sababu hawawezi kubishana kuhusu jambo lenyewe, yaani mwana ni shoga. Hapo nilicheka, maana nani kati yetu hajawahi kugombana na babake juu ya siasa au mpira wakati ugomvi wa kweli umekaa chini ya meza? Na uzuri wa filamu ni kwamba baba si mjinga. Ana hoja. Yeye aliyevuka bahari mara mbili alihitaji Sabu mwenye tabasamu lile, na mwana, aliyelelewa kwa jasho la mhitaji huyo, ana anasa ya kumkosoa. Baba hajaletwa kwenye kikao cha mwanawe ili aombe msamaha. Ameletwa kwa sababu bila yeye hakuna filamu.

Nije kwa ile inayonisumbua. Dol, pia huitwa First Birthday, ni kazi ya Andrew Ahn, Mkorea wa Marekani, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2012. Dakika 11 hivi. Kijana anaacha mpenzi wake nyumbani na kwenda kwenye sherehe ya mtoto wa ndugu yake anayetimiza mwaka mmoja. Wakorea wana desturi siku hiyo: mtoto anawekewa vitu mbele yake, uzi, pesa, kalamu, kitabu, na akishika kimoja, watu hushangilia kwa sababu ametabiri maisha yake. Mjomba au amu aliyesimama pembeni anatazama. Hakuna maneno mengi. Mikono ya mtoto inasita juu ya uzi na pesa, na wewe unaelewa kwamba kwa huyu kijana hakuna kitu kwenye meza ile, wala hakuna atakayewahi kumwandalia mtoto wake meza kama hiyo.

Ni filamu safi sana. Lakini Ahn alitumia familia yake mwenyewe kuwa waigizaji, na filamu hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuwaambia wazazi kwamba ni shoga. Watu husifu jambo hilo kama ushujaa, na ni ushujaa. Mimi najiuliza kuhusu wazazi. Mzazi akiambiwa na mwanawe jikoni, anaweza kukaa kimya, kutoka nje, kupiga mlango, kurudi baada ya wiki mbili na sufuria ya chakula. Akiambiwa na filamu ambayo uso wake mwenyewe umo, na filamu hiyo inakwenda Sundance, wiki mbili zake ziko wapi? Rafiki yangu mmoja wa Parklands, Mhindi wa kizazi cha nne hapa Kenya, tuliitazama pamoja. Yeye kila Ijumaa huenda kula kwa mamake na hajamwambia kitu. Ilipoisha alisema tu, "Huyo mama ameketi vizuri sana." Sikumwelewa mara moja. Alimaanisha mama amekaa kama mtu aliyeambiwa kuna wageni.

Sisemi Ahn alikosea. Sisemi pia kwamba mwenye siri hana haki ya kuchagua mlango wa kuitolea. Nasema filamu hiyo inanishika kwa sababu ya mama huyo, na kila ninapoona imeelezwa kuwa uponyaji wa kijana, naona mama amefutwa. Fung naye alimweka mamake kwenye filamu. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwa Fung mama ana deni la kudai, anajua kilichotokea kuliko mwanawe, na filamu inamwachia nafasi ya kukijua.

Sasa, kuna msomaji anayesema, wewe uko Kenya, haya ya Waasia wa Toronto na Los Angeles yanakuhusu nini? Nitamjibu kwa mwisho wa filamu, maana mwisho ndio tuliogombania hapa. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku mwaka 2018, mwaka huo huo ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenda Cannes. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho, kwa sababu wasichana wale wawili hawakuonekana kujutia vya kutosha. Akakataa. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku 7 mwezi Septemba, watu wakajaza ukumbi, siku 7 zikaisha, mlango ukafungwa. Kabla yake Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na kundi la The Nest ilikuwa imezuiwa mwaka 2014, na hiyo ilikuwa vipande vitano vifupi, kila kimoja na pumzi yake.

Bodi ilitaka toba. Matamasha ya ughaibuni yanataka tiba. Mimi naona hayo ni maagizo mawili ya jikoni moja: mtu wa kwia asiachwe hivi hivi mwishoni, lazima awe ameharibikiwa au ametengenezwa. Bila shaka hayalingani kwa uzito. La kwanza lina polisi nyuma yake, na mahakama yetu mwaka 2019 ilivibakisha vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai, kwa hiyo nisiwe kama mtu anayelinganisha mvua ya mawe na umande. Lakini mtengenezaji mdogo wa filamu, asiye na pesa, anayesubiri barua ya tamasha ili mradi wake upate ufadhili, anajifunza haraka ni mwisho gani unafunguliwa mlango. Ahn mwenyewe alichangisha sehemu ya pesa za filamu yake ndefu, Spa Night, kwa watu wa kawaida kwenye intaneti. Spa Night haiishii kwa kukumbatiana, na sidhani hilo ni bahati tu.

Filamu fupi ina uhuru mmoja ambao ndefu haina: hakuna anayenunua tiketi kwa ajili yake pekee, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai arudishiwe pesa ikiisha bila kufunga kila kitu. Ni huzuni kuona watu wakiutoa uhuru huo bure ili wapate sentensi nzuri kwenye programu.

Fung aliwahi kurudi. Mwaka 1984 alikuwa ametengeneza Orientations, video kuhusu mashoga na wasagaji Waasia wa Toronto, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2016, katika Re:Orientations, aliwatafuta baadhi yao, akawaonyesha walivyokuwa miaka zaidi ya 30 iliyopita. Watu wa makamo, mvi kichwani, wakijitazama wakiwa vijana wenye nywele za miaka ya themanini. Wengine wanacheka. Wengine wanapinga walichosema zamani. Wapo ambao hawakuishi kufika hapo, na filamu inawataja.

Kazi za Fung zinasambazwa na Vtape ya Toronto. Khush na Sari Red ziko kwa Women Make Movies, New York. Tangu Julai 2017 serikali yetu inawahesabu Wahindi wa Kenya kuwa kabila la 44, na bado mzaliwa wa Nairobi aliyemkata yule jamaa kwenye meza ya kuhariri hajulikani na vijana wengi wanaosomea filamu mjini humu. Nimeshapiga hesabu ya projekta ya kukodi na chumba cha watu ishirini. Rafiki yangu wa Parklands amesema atakuja, ila isiwe Ijumaa.